Droo imelowa, bomba zima: kusaka chanzo cha matatizo ya kaunta na sinki la jikoni

Simu nyingi ninazopigiwa huanza hivi: "Fundi, sinki linavuja." Nikifika, mara nyingi sinki lenyewe ni zima. Maji yamezunguka ukingo wa kaunta yakarudi nyuma, au yamepenya chini ya mdomo wa sinki, au kuna nati iliyofungwa huku mpira wake umegeuzwa. Mwenye nyumba huona pale maji yanapotokea. Pale yanapoingilia huwa kwingine, wakati mwingine mita nzima kutoka hapo, na ukianza kukaza nati kabla hujapajua utakaza mpaka upasue kitu.

Ninayoyaeleza ni ya majiko tunayojenga Dar es Salaam na miji ya jirani: kaunta ya zege iliyobandikwa vigae, graniti ya sentimita 2 au 3 ambayo nyingi hutoka India na China, tarazo kwenye nyumba za zamani, na sinki la stenlesi la bakuli moja au mawili. Nimeyapanga kwa malalamiko, kama watu wanavyoyasema.

"Kabati la chini ya sinki limelowa"

Toa kila kitu: ndoo, sabuni, na vile vifuniko ambavyo hakuna ajuaye ni vya sufuria gani. Kausha kabati kwa kitambaa, kisha tandaza karatasi za chooni sakafuni mwake na nyingine uzungushie kila nati. Karatasi kavu ikipata tone moja inabadilika rangi papo hapo. Kidole chako kitakudanganya kwa sababu bomba la maji baridi lina ubaridi wake.

Sasa fuata mpangilio huu bila kuruka hatua. Kwanza, usifungue koki. Chukua jagi, mimina maji polepole kuzunguka mdomo wa sinki juu ya kaunta, subiri dakika 10. Karatasi zikilowa, maji yanapita kati ya sinki na kaunta. Zikiwa kavu, ziba tundu la sinki, lijaze kwa ndoo, liache nusu saa. Likilowesha, mwenye kosa ni weste, yaani kile kikombe cha chujio kilichofungwa kwenye tundu. Bado kavu? Zibua ghafla, bakuli zima limwagike kwa mkupuo. Uvujaji mwingi wa trapu, yaani kile kipindo cha bomba chini ya sinki, na wa bomba la PVC hujitokeza hapa tu, kwa sababu mkondo mdogo wa koki haujazi bomba. Mwisho kabisa fungua koki, igeuze shingo kulia na kushoto, ushike mipira miwili ya kupandisha maji chini yake. Ukianza na koki, maji yatapita kila mahali kwa pamoja na hutajua lipi ni lipi.

Kama kosa ni kwenye mdomo na kaunta yako ni ya vigae, angalia mistari ya grauti, ile saruji ya kati ya kigae na kigae, inayopita chini ya mdomo huo. Kigae kiko juu, mstari uko chini kwa milimita moja au mbili. Sinki limekalia vigae kama daraja, na kila mstari umekuwa kijito kinachoingiza maji kabatini. Silikoni iliyopakwa pembeni inashika vigae, ila kwenye mistari inaacha tundu. Dawa yake ni kulegeza vibanio, kuinua sinki, kujaza mistari hiyo mpaka ilingane na kigae, kuacha ikauke, kisha kupaka silikoni mpya chini ya mdomo, sio pembeni yake. Wengi hupaka silikoni mpya juu ya kuukuu. Silikoni haishiki silikoni. Baada ya wiki chache utaivuta kwa kucha itoke kama uzi wa tambi.

Kwenye weste, mpira mnene unakaa chini ya bati la sinki, na juu, kati ya mdomo wa weste na bati, panapakwa silikoni. Nimekuta mipira yote miwili imewekwa juu, chini nati imesagana na chuma. Kwenye trapu, mpira wenye upande uliochongoka unatazamisha uchongokaji wake kwenye kiungo, na upande bapa unatazama nati. Nati za plastiki hukazwa kwa mkono, kisha robo ya mzunguko, basi. Spana kubwa kwenye nati ya PVC ni kutafuta kazi ya kesho.

Usidharau tone. Tone moja kila sekunde ni zaidi ya lita 4 kwa siku, na kabati la MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, halihitaji hata robo ya hizo kuvimba.

"Droo zimelowa, lakini chini ya sinki pakavu"

Hili ndilo linalowashinda mafundi bomba, kwa sababu halina uhusiano na bomba.

Mama mmoja wa Tabata aliniita baada ya mafundi wawili kupita. Droo za kushoto kwa sinki zimevimba hazifungiki, ubao wa mbele umefunuka kama kitabu, lakini kabati la chini ya sinki lina vumbi. Weste mpya, trapu mpya, koki mpya. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu," akasema, "ila na wewe ukinibadilishia bomba, tutagombana."

Bomba sikuligusa. Nikamwomba aoshe vyombo kama anavyoosha kila siku, mimi nikakaa sakafuni na simu, kamera ikitazama ukingo kwa chini. Sahani alizosuuza alikuwa akizilaza kushoto, juu ya jiwe. Maji yakajikusanya, yakafika ukingoni, yakashuka kwenye mviringo wa jiwe, na badala ya kudondoka yakageuka, yakatambaa kwa chini kufuata tumbo la jiwe, sentimita tatu, nne, tano, hadi kwenye ubao wa droo. Nilipomwonyesha video alicheka mpaka akavuta kigoda. "Kumbe mchawi ni jiwe."

Ukingo ule ulikuwa wa raundi kamili: umeviringishwa juu na chini. Unapendeza machoni, hauumizi kiuno, na watoto hawakati paji la uso. Lakini maji hung'ang'ania jiwe, na ukingo wa raundi kamili hauna kona ya chini ya kuyabandua. Ukingo wa nusu raundi, ulioviringishwa juu tu na kuachwa na kona kali kwa chini, huyaangusha sakafuni. Ndivyo pia ukingo uliopigwa chanfa, yaani kona ya juu imekatwa mshazari kidogo na chini pameachwa mraba. Mteja akiniuliza ukingo wa kuweka kwenye sehemu ya sinki, najibu nusu raundi au chanfa. Raundi kamili apeleke kwenye meza ya katikati au mahali pasipofika maji. Zile kingo za mawimbi, zenye mabonde na vilima, ni za kuonyeshea wageni. Mabonde yake yanakusanya uchafu na unga wa ngano mpaka uyasugue kwa mswaki.

Kama ukingo tayari ni wa raundi kamili, huna haja ya kubomoa. Fundi wa mawe anaweza kupitisha grainda yenye diski nyembamba kwa chini, sentimita 2 kutoka ukingoni, achore mfereji wa kina cha milimita 3 au 4 kwa urefu wote wa eneo la sinki. Maji yanayotambaa yakifika kwenye mfereji hushindwa kuruka, yanadondoka. Kama jiwe liko mahali na hutaki vumbi la grainda ndani ya nyumba, bandika kwa chini ukanda mwembamba wa alumini wenye umbo la L, au chora mstari mnene wa silikoni ukauke ukiwa umetuna. Hauonekani, na unafanya kazi ileile.

Pima mambo mengine mawili ukiwa hapo chini. Jiwe limetokeza kiasi gani mbele ya milango ya kabati? Sentimita 2.5 hadi 4 ni sawa. Nimekuta limelingana kabisa na mlango, na hapo hata ukingo bora hauokoi. Kisha weka pima maji juu ya kaunta, ikielekea ukutani. Kaunta inatakiwa iwe sawa, au iinamie sinki kwa unywele. Ikiinamia mtu anayeosha, kila tone litamfuata.

"Jiwe limepasuka kwenye kona ya sinki"

Kosa hili nililifanya mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi wa kazi, na jiwe nikalilipa kwa kukatwa mshahara. Nilichora tundu la sinki, mstatili safi wa kona nne kali, nikakata kwa grainda. Diski ya grainda ni duara. Ili ikate kona mpaka chini ya jiwe, juu lazima ipitilize mstari, iache mchoro wa sentimita moja au mbili nje ya kona. Nilidhani mdomo wa sinki ungeuficha, na kweli uliuficha. Miezi mitatu baadaye ufa ukatoka palepale nilipopitiliza, ukaenda mbele hadi ukingoni.

Kona kali hukusanya uzito wote mahali pamoja. Njia sahihi ni kutoboa kwanza matundu manne ya duara kwenye kona kwa biti ya almasi, kisha kukata kutoka tundu hadi tundu. Kona ikiwa na mviringo, uzito unapita bila kukwama. Ukienda kuchukua jiwe kwa mchongaji, pitisha kidole kwenye kona za tundu. Ukikuta ncha au mchoro uliopitiliza, usilipakie garini.

Sehemu dhaifu kuliko zote ni ule mkanda mwembamba wa jiwe mbele ya sinki. Usiwe chini ya sentimita 5. Mara nyingi sinki ni kubwa kuliko kabati, fundi analisogeza mbele ili koki ipate nafasi nyuma, na mkanda unabaki vidole viwili. Kisha mtu anauegemea akifikia rafu ya juu. Wachongaji wengine huutia nguvu kwa kulaza nondo chini yake ndani ya mfereji wa gundi. Wazo ni zuri, ila nondo ya kawaida ikipata unyevu inaota kutu, kutu inavimba, na jiwe linapasuliwa na kile kilichowekwa kulilinda. Alama yake ni ufa ulionyooka kama rula, sambamba na ukingo, wakati mwingine una rangi ya hudhurungi. Dai fimbo ya stenlesi au ya faiba.

Kabla ya kulia, hakikisha kweli ni ufa. Graniti ina mistari yake ya asili. Pitisha ukucha kukatisha mstari: ukucha ukikwama, ni ufa, ukiteleza, Mungu ndiye aliyechora.

Ufa mdogo usiotikisika hujazwa kwa epoksi, gundi ya mawe, iliyochanganywa na unga wa jiwe lilelile, ukafutwa kwa wembe ukishakauka. Utauona ukiinama kwenye mwanga; anayekuahidi hutauona anakuuzia ndoto. Ufa unaocheza ukibonyeza, shughulikia kwanza kilicho chini: kabati limezama mguu mmoja, au hapakuwa na ubao wa kubeba jiwe la sentimita 2.

Na kuna nyufa za matumizi. Jiko la mkaa likiwekwa juu ya graniti, mahali pamoja panachemka na pembeni pamepoa, na jiwe hupasuka. Mawe ya kiwandani yanayoitwa kwatzi ndiyo nyeti zaidi, maana yameshikwa na gundi ya plastiki. Sufuria iliyotoka motoni sasa hivi inatosha kuacha duara la njano lisilofutika. Kutwangia kitunguu saumu juu ya kaunta, kinu kidogo hakina neno kikiwa juu ya mguu wa kabati. Katikati ya nafasi tupu, jirani na tundu la sinki, hapana.

Kwenye kaunta ya zege mambo ni tofauti. Vigae vitatu vinne vikipasuka kwa mstari mmoja, aliyepasuka ni zege chini yake. Ingia kabatini na tochi, tazama dari ya kabati. Madoa ya kutu na zege linalomeguka maana yake nondo inaoza, na ukanda wa pwani hilo ni la kawaida pale mchanga wenye chumvi ulipotumika. Kubadilisha vigae hapo ni kumvika mgonjwa kanzu mpya.

"Ukingo unameguka"

Tazama umemeguka wapi. Ukiwa ni ukingo wa tundu la sinki, wenye kosa ni sufuria, na sinki ni la kufungwa chini ya jiwe. Sinki la aina hiyo huacha ukingo wa jiwe wazi, na kila sufuria ya ugali inayoingia kuoshwa inaugonga. Ukingo huo uviringishwe angalau milimita 3. Wachongaji huuacha mkali kwa sababu mviringo unachukua muda wa kung'arisha, na wateja hawaulizi. Uliza.

Kama kaunta ni ya vigae na kona ya mbele imetengenezwa kwa kukata vigae viwili digrii 45 vikakutana, basi kimebaki kigae chenye unene wa karatasi pale panapogongwa zaidi. Kinapendeza mwezi wa kwanza. Afadhali utepe wa alumini au wa PVC kwenye kona, au kigae cha juu kitokeze kidogo na kichwa chake kisuguliwe kwa diski ya kung'arishia. Kigae cha porseleni kinavumilia hilo, kwa kuwa rangi ya ndani na ya juu mara nyingi hukaribiana. Kigae chekundu cha udongo hakivumilii.

Kipande cha graniti kilichomeguka ukikiokota, kitunze. Kinarudi mahali pake kwa gundi kali ya haraka, na mshono hauonekani kama pengo lililojazwa epoksi.

"Sinki limeachana na jiwe"

Hili ni la masinki ya chini ya jiwe tu. Unaona mstari mweusi kati ya jiwe na bati, siku nyingine mstari unaingiza kisu. Chanzo: sinki limening'inizwa kwa silikoni peke yake, tena silikoni iliyopakwa kwenye tumbo la jiwe lenye vumbi la kukatia. Bakuli la lita 30 likijaa maji ni kilo 30, bila vyombo. Silikoni ni ya kuzuia maji, haikuumbwa kubeba.

Mwaga maji yote, inua sinki kwa jeki ya gari na kipande cha ubao ili uliondolee uzito, kata silikoni ya zamani, literemshe. Sugua tumbo la jiwe kwa msasa, lifute kwa spiriti, liache likauke. Bandika vibanio kwa epoksi kuzunguka, au bora zaidi pitisha mbao mbili chini ya mdomo wa sinki kutoka ukuta hadi ukuta wa kabati, zibebe. Silikoni mpya, sinki juu, jeki iliyokazwa kiasi, na nyumba nzima ioshee vyombo uani kwa saa 24. Saa hizo ndizo ngumu kupata kuliko vifaa. Nimeshakuta jeki imeondolewa usiku kwa sababu wageni walifika.

"Jikoni kunanuka, lakini pasafi"

Chungulia kama kuna trapu. Naandika hivyo kwa sababu nimekuta bomba la mikunjo limetoka kwenye weste moja kwa moja hadi chemba, halijapinda popote. Trapu ni kile kipindo kinachobaki na maji, na maji yale, kina cha sentimita 5 hadi 7.5, ndiyo mlango uliofungwa kati yako na shimo.

Trapu ikiwepo, mimina lita moja ya maji polepole, toka, rudi baada ya saa moja. Harufu imekata? Maji ya trapu yalikuwa yamekauka au yamenyonywa. Kukauka hutokea nyumba ikikaa wiki kadhaa bila mtu. Kunyonywa kuna sauti: ukizibua sinki lililojaa, mwishoni linakoroma kama mtu anayemalizia soda kwa mrija. Bomba limejaa pomoni na linashuka kwa kasi, linavuta na maji ya trapu. Mteremko wa sentimita 2 hivi kwa kila mita unatosha. Mafundi wengine hulilaza bomba kama mteremko wa mlima Kitonga wakidhani wanasaidia. Punguza mteremko, au ongeza bomba kutoka inchi 1½ hadi inchi 2, au weka bomba la kupumulia.

Kama harufu haikukata hata baada ya kumimina maji, fuata tundu dogo la juu la kuzuia sinki kufurika. Mfereji wake hausuguliwi na mtu, mafuta na punje za wali vinaozea humo. Maji ya moto na sabuni kwa faneli, rudia. Halafu bomba la mikunjo: kila mkunjo ni kibakuli cha mafuta. Ling'oe, weka la PVC lisilo na mikunjo.

Sinki la bakuli mbili likitoa maji ya bakuli hili kwenye lile, usihangaike na bakuli. Kuziba kuko mbele ya pale mabomba mawili yanapoungana.

"Stenlesi inaota kutu, niliambiwa haioti"

Sugua doa kwa magadi soda na kitambaa laini. Likitoka na chini bati linang'aa, ile haikuwa kutu ya sinki. Ni vipande vya stilwaya vilivyobaki, au kopo la chuma lililolala pale usiku. Acha stilwaya, tumia dodoki.

Doa likirudi mahali palepale likiwa na kijitundu, bati lenyewe linaliwa. Wenye kosa ni chumvi na klorini. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, na mtu akiloweka vitambaa sinkini kwa jiki usiku kucha amemaliza kazi. Suuza, kausha, peleka kuloweka kwenye beseni.

Dukani muuzaji atakuletea sumaku. Sumaku ikinata kwa nguvu kwenye bakuli, achana nalo, hasa kama unaishi pwani. Ila isiponata hujashinda bado: daraja la 304, lenye kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 8 hivi, kwa kawaida halinati, na la 201, lenye nikeli kidogo na kinga hafifu, nalo halinati. Sumaku inamkamata mwongo mmoja na kumwachia mwingine. Tafuta namba iliyopigwa kwenye bati, bonyeza tumbo la bakuli kwa dole gumba uone kama linakubali kama kopo, na nunua kwa mtu utakayeweza kumrudia.

"Jiwe limekuwa jeusi kuzunguka sinki"

Tone la maji kwenye sehemu safi ya kaunta, dakika 15, futa. Pakibaki na kivuli, jiwe linakunywa na halina kinga. Karibu na sinki linakunywa zaidi kwa sababu ukuta wa tundu ulikatwa ukaachwa mkavu, bila kupakwa kitu. Likaushwe siku kadhaa bila kutumika, kisha lipakwe dawa ya kuziba mawe juu na, usisahau, kwenye ukuta wa tundu.

Doa la mafuta halikauki. Changanya poda ya talki na asetoni isiyo na rangi mpaka iwe kama uji mzito, paka juu ya doa, funika kwa plastiki, acha saa 24. Zima jiko la gesi kwanza, asetoni inawaka. Rudia mara mbili au tatu. Manjano na mawese vina ubishi zaidi.

Kama ni marumaru au tarazo na pamefifia badala ya kuwa peusi, hilo si doa. Ni ndimu, ukwaju au siki imekula jiwe, na hapo kinachotakiwa ni kung'arishwa upya. Kwa mawe hayohayo usitumie silikoni yenye harufu ya siki wakati wa kupaka. Nunua isiyo na asidi, ingawa ni ghali kidogo.

Madogomadogo

Sinki linapiga kelele kama bati la paa: bandika vipande vya raba au lami ya kujibandika kwa nje ya bakuli. Maji yanakurukia tumboni: koki iko juu mno au mkondo unapiga mteremko wa bakuli badala ya tundu. Mgongo unauma: kaunta nyingi ni sentimita 85 hadi 90, lakini mikono inafanya kazi kwenye kitako cha bakuli, sio juu ya kaunta, kwa hiyo bakuli la kina cha sentimita 25 linamwinamisha mtu mrefu kila siku. Ufa mwembamba kati ya kaunta na ukuta unaorudi kila ukizibwa kwa saruji nyeupe: ukuta na kaunta havitembei pamoja, weka silikoni.

Na kama bado hujajenga, nunua sinki na koki kabla ya jiwe. Mpelekee mchongaji vitu vyenyewe mkononi, sio picha yake ya WhatsApp. Atalaza sinki juu ya jiwe, atachora, na wewe utapima kwa vidole ule mkanda wa mbele kabla grainda haijawashwa.